Ulemavu katika shule ya sheria Marekani: yanayosemwa na yaliyomo sheriani

Vijana wengi kutoka Kenya, Tanzania na Uganda huenda Marekani kusoma uzamili wa sheria, na wachache hufuata JD, shahada ya msingi ya sheria kule, ya miaka 3. Wenye ulemavu miongoni mwao huondoka na mzigo wa ushauri wa mtaani: nyamaza, vumilia, usijipeleke midomoni mwa watu. Ushauri huo una gharama. Chuo kikuu cha kule hakimtafuti mwanafunzi na kumuuliza anasumbuliwa na nini. Asiyeomba marekebisho, kama muda wa ziada wa mtihani, huhesabiwa hana haja.

Dhana: Ulemavu ni wa macho, masikio na viungo

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ADA, ilitiwa saini Julai 1990. Inamtazama mtu ambaye hali yake ya mwili au akili inamzuia kwa kiasi kikubwa kufanya jambo la msingi la maisha, na kusoma, kufikiri na kuzingatia ni miongoni mwa mambo hayo. Kwa hiyo mwenye kisukari, kifafa, disleksia (ugumu wa kusoma maandishi) au sonona anaweza kuingia humo sawa na asiyeona.

Kuna wakati milango ilibanwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya dada wawili mapacha wenye uoni hafifu sana waliotaka kurusha ndege, ikasema mtu apimwe akiwa ameshavaa miwani au ameshameza dawa. Matokeo yake yakawa kichekesho: ukijitibu vizuri, huna ulemavu, usipojitibu, hufai kazi. Bunge lilifuta msimamo huo kwa marekebisho ya 2008. Leo nafuu inayoletwa na dawa haihesabiwi dhidi yako (miwani ya kawaida ndiyo isiyoguswa na ulinzi huo), na ugonjwa unaokuja na kuondoka unapimwa kwa namna unavyokuwa unapopamba moto.

Dhana: Uliyefaulu hadi kufika huku, huna ulemavu wowote

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana husemwa hata na wasomi.

Marilyn Bartlett alikuwa na shahada ya uzamivu na shahada ya sheria, tena ana disleksia. Alishindwa mtihani wa uwakili wa New York mara kadhaa, na bodi ya mitihani ilikuwa ikimkatalia muda wa ziada kwa hoja kwamba alama zake za majaribio ya kusoma hazikuwa mbaya vya kutosha. Alishtaki mwaka 1993. Hukumu ya 1997 iliandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, ambaye mwenyewe ameishi na kisukari tangu utotoni na ambaye mwaka 2009 aliingia Mahakama ya Juu. Jaji hakutosheka na alama za mwisho. Aliangalia jinsi mama yule anavyosoma: polepole, kwa kujikamua, akirudia mstari uleule, hana ule wepesi ambao wasomaji wengine hawajui hata kama wanao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ikarudishwa chini, na mwaka 2001 Sotomayor akampa ushindi tena.

Somo kwa anayeandika ombi ni hili: eleza njia unayopita kupata hizo alama. Kama wenzako husoma kesi ya kurasa 40 kwa jioni moja nawe inakula usiku mzima na asubuhi yake, andika hivyo. Ripoti ya daktari inayoishia kwenye jina la ugonjwa haina nguvu. Inayosema ugonjwa huo unafanya nini kwa mtu aliyeketi kwa muda wa saa nne kwenye chumba cha mtihani, na kwa nini muda wa nusu zaidi ndio utakaosaidia, hiyo hujibiwa.

Dhana: Muda wa ziada ni alama za bure

Manung'uniko haya yana chimbuko. Katika shule nyingi za sheria za Marekani somo zima huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, na wanafunzi hupangwa kwa kulinganishwa wao kwa wao, kwa hiyo mwenzako akipanda nawe unaweza kushuka. Mtu anayeona jirani yake amepewa saa mbili zaidi anahisi ameibiwa.

Lakini mtihani wa mikataba unapima kama unajua sheria ya mikataba. Mwanafunzi anayetumia programu ya kusoma skrini husikiliza swali la kurasa tatu neno kwa neno. Hawezi kuliruka kwa jicho. Akisimamishwa saa ileile na wenzake, kinachopimwa ni kasi ya programu yake. Wala chuo hakilazimiki kukubali kila kitu. Sheria inakiruhusu kukataa jambo litakalobadili kiini cha somo au litakalokuwa mzigo kupita kiasi. Anayeomba afutiwe mtihani wote atakataliwa, na sawa tu.

Wakati mwingine ombi la mtu mmoja hufichua kwamba kipimo chenyewe kina kasoro. Kwa miaka mingi mtihani wa kuingilia shule za sheria, LSAT, ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya mantiki ambayo watahiniwa wengi waliyatatua kwa kuchora michoro. Angelo Binno, asiyeona, alikwenda mahakamani. Makubaliano ya 2019 yalizaa ahadi ya kutafuta njia nyingine ya kupima mantiki, na tangu Agosti 2024 sehemu hiyo haipo tena kwa mtahiniwa yeyote.

Dhana: Kila mtu atajua

Ombi hupelekwa kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi wenye ulemavu au kwa ofisa wa shule anayeshughulikia mambo hayo. Kwa utaratibu wa kawaida mwalimu huarifiwa tu kile kinachotakiwa kufanyika: muda wa nusu zaidi, chumba tofauti, ruhusa ya kula kidogo katikati. Jina la ugonjwa halimhusu. Karatasi za mtihani nazo mara nyingi husahihishwa kwa namba, bila jina.

Hofu hii, hata hivyo, haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi, taasisi inayoendesha LSAT ilikuwa ikiweka ishara ya pekee kwenye matokeo ya waliopewa muda wa ziada, shule zote zikaona. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano nayo: ilipe dola milioni 7.73 na iache kabisa kuweka ishara hiyo. Kilichobaki ni macho ya wanadarasa. Siku ya mtihani huonekani ukumbini, na watu huuliza. Si lazima kujibu.

Dhana: Ukisema una sonona, uwakili umeuaga

Kila jimbo huchunguza tabia ya mwombaji kabla ya kumwapisha, na ni kweli fomu nyingi ziliwahi kuuliza kwa upana kuhusu afya ya akili. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ya Marekani iliibana Louisiana kwa maswali hayo, na makubaliano yaliyofuata yakaelekeza uchunguzi kwenye mwenendo wa mtu badala ya ugonjwa wake. New York ilifuta swali lake mwaka 2020. Yapo majimbo ambayo bado yanauliza kwa namna fulani, kwa hiyo soma fomu ya jimbo unalolitaka mapema. Kupewa chumba tulivu cha mtihani ni jambo jingine kabisa.

Dhana: Mwenye viza hana haki hizo

ADA hailindi raia peke yao. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaomba kama mwingine yeyote.

Penye hatari kwa mgeni ni kupunguza masomo. Viza hiyo inadai usome kwa muda kamili. Ugonjwa ukikulazimu kupunguza, kanuni zinaruhusu, kwa jumla isiyozidi miezi 12 katika ngazi moja ya shahada, ukiwa na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni. Ila ofisa wa wanafunzi wa kimataifa lazima aidhinishe kabla hujaacha somo. Ukiacha kwanza ukaeleza baadaye, unaweza kupoteza hadhi ya viza hata kama ugonjwa ni wa kweli kabisa. Ofisi ya ulemavu inaweza isikumbuke kukuambia hilo. Ni ofisi mbili tofauti.

Dhana: Gharama zote ni zangu

Mkalimani wa lugha ya alama, vitabu vya nukta nundu, mwandikaji wa maelezo ya darasani: hivyo ni juu ya chuo, na hakiruhusiwi kukutoza. Vipimo vya kuthibitisha hali yako ni juu yako, na vya disleksia kwa mtu mzima vinaweza kufika maelfu ya dola. Kama una ripoti kutoka hospitali ya nyumbani, beba nakala yenye muhuri, na iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe kabla ya safari. Hata barua ya shule ya sekondari inayosema ulifanyia mtihani chumba cha peke yako ina thamani.

Dhana: Nikikubaliwa mara moja, nimemaliza

LSAT ina waamuzi wake, shule ina wake, bodi ya uwakili ina wake. Kila mmoja huanza faili upya. Kanuni za shirikisho zinawataka waendesha mitihani wayape uzito mkubwa marekebisho uliyowahi kupewa huko nyuma, na ndiyo maana aliyejikaza miaka yote ya chuo bila kuomba hufika kwenye mtihani wa uwakili mikono mitupu. Kupewa shuleni pia hakumalizi mambo: Stephanie Enyart, mwenye uoni hafifu, ilibidi ashtaki ili aruhusiwe kutumia programu za kompyuta katika mitihani ya uwakili California, na mahakama ya rufaa ikampa haki Januari 2011.

Jambo la mwisho ni wakati. Marekebisho hayarudi nyuma. Alama ya Desemba haibadilishwi kwa ombi la Januari, kwa hiyo barua iende mara tu unapopata nafasi chuoni, kabla hata ya kupata chumba cha kulala. Ukikataliwa, dai jibu la maandishi lenye sababu, kata rufaa ndani ya chuo, na usiache kalenda ikupite: malalamiko kwa ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu kwa kawaida hupokelewa ndani ya siku 180 tangu tukio.