Je, wajua mzingiro wa vita hubadilishaje utambulisho wa mtu?

Ukisikia kwamba majirani waliokuwa wakigongeana milango kuombana chumvi wamegawanyika ndani ya miezi michache kuwa Waserbia, Wakroatia na Waislamu, maelezo yanayokuja upesi ni kwamba walikuwa hivyo tangu zamani. Chuki ilikuwepo chini kwa chini, vita vikaifukua. Ni maelezo matamu kwa msikilizaji, na Sarajevo ndiyo inayoyasumbua zaidi.

Mji huo mkuu wa Bosnia ulizingirwa tangu Aprili 1992 hadi mwisho wa Februari 1996, siku 1,425, muda mrefu kuliko mji mkuu wowote katika vita vya zama hizi. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalikaa vilimani na mizinga na wadunguaji. Chini, umeme, maji na gesi vilikatwa. Zaidi ya watu 11,000 waliuawa. Siasa zilizoleta hayo ni ndefu: Yugoslavia, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, ilivunjika, Bosnia ikapiga kura ya kujitenga, Waserbia wengi wakaisusia kura hiyo.

Sasa tazama sensa ya 1991. Karibu nusu ya wakazi wa Sarajevo waliandikwa Waislamu, ambalo katika sheria za Yugoslavia lilikuwa jina la taifa, hata kwa asiyeswali. Takriban asilimia 30 walikuwa Waserbia, Wakroatia kama asilimia 7. Lakini takriban mtu mmoja kati ya kila kumi alijiandikisha Myugoslavia, basi. Ndoa kati ya makundi zilikuwa jambo la kawaida. Kama vita hufukua tu kilichozikwa, mtoto wa baba Mserbia na mama Mkroatia alikuwa amezika nini hasa?

Tena, mstari wa vita haukufuata mstari wa majina. Waserbia wengi walibaki ndani ya mji na kupigwa makombora na jeshi lililodai kupigania Waserbia. Jovan Divjak, Mserbia mzaliwa wa Belgrade, alikuwa naibu kamanda wa jeshi la Bosnia lililoulinda mji. Gazeti la Oslobođenje, lenye waandishi wa makundi yote, liliendelea kutoka wakati wote wa mzingiro ingawa jengo lake liligeuzwa kifusi. Nadharia ya chuki ya kale haina mahali pa kuwaweka watu hawa.

Basi kilichobadilika ni nini? Chukua mtu aliyevaa fulana nyekundu asubuhi kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabatini. Anakata kona na kujikuta katikati ya mashabiki wa timu mbili wanaopigana, wekundu huku, buluu kule. Hajui hata nani alicheza. Wa buluu wanamkimbiza. Wekundu wanamvuta upande wao na kumkinga. Anapiga kelele kwamba yeye si shabiki, lakini katika vurumai hakuna mwenye nafasi ya kumsikiliza, na rangi ndiyo habari pekee inayosomeka kwa mbali. Baada ya kukimbia nao mitaa kadhaa, anaanza kusema “sisi”. Si unafiki, kwa kuwa waliomkinga ni hao kweli. Wala hakuwa shabiki aliyejificha. Fulana aliyoivaa bila kufikiri imepewa kazi mpya.

Huko Bosnia fulana ilikuwa jina. Watu walifanana sura na walielewana kwa lugha moja, lakini majina kama Emir, Jovan na Ivan yalitoa dalili ya dini ya mababu: Uislamu, Uorthodoksi wa Waserbia, Ukatoliki wa Wakroatia. Kabla ya vita, dalili hiyo ilikuwa na uzito mdogo katika maisha ya mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani iliamua mengi.

Tumbo nalo lilivuta. Sehemu ya misaada ilipita kwa mashirika ya kidini: Merhamet la Waislamu, Caritas la Wakatoliki, Dobrotvor la Waorthodoksi, La Benevolencija la Wayahudi. Mtu aliyekuwa hajakanyaga kanisani wala msikitini miaka mingi alipata sababu ya kukumbuka babu yake alizikwa kwa dini gani. Hili lisikuzwe kupita kiasi, maana La Benevolencija liligawa dawa na chakula kwa watu wa dini zote, na majirani waligawana walichopata. Ila hapo ndipo penye kioja kikubwa. Kuwa Myahudi, jambo lililowaua maelfu mjini humo katika Vita vya Pili vya Dunia, safari hii kulikuwa karibu na usalama: pande zote ziliwaona Wayahudi kuwa hawamo ugomvini, na misafara yao ya kutoka mjini iliwabeba Waislamu, Waserbia na Wakroatia pia.

Mwanaanthropolojia Ivana Maček, aliyefanya utafiti Sarajevo vita vikiendelea, aliona misimamo mitatu: ya raia asiyeamini kwamba vita vinawezekana, ya askari anayekubali kwamba kuna “sisi” na “wao”, na ya mtoro wa vita anayekataa hesabu hiyo na kumpima kila mtu kwa matendo yake. Uzuri wa maelezo yake ni kwamba mtu mmoja angeweza kupita katika misimamo yote mitatu, hata kuyumba kati yake.

Mgawanyiko mwingine haukuuliza dini kabisa: nani alibaki na nani aliondoka. Leningrad, mji wa Muungano wa Kisovieti uliozingirwa kati ya 1941 na 1944, iliufikisha hadi kwenye beji. Mwaka 1989 ilianzishwa nishani ya mkazi wa mji uliozingirwa, na sharti lilikuwa kuishi humo miezi isiyopungua minne wakati wa mzingiro.

Hadhari moja: simulizi nyingi za umoja wa Sarajevo zimetoka kwa walionusurika, na kumbukumbu hupangwa upya baada ya vita. Mjini humo humo, watu wa Mušan Topalović, kamanda wa jeshi la Bosnia aliyeitwa Caco, waliwaua raia, wengi wao Waserbia, na kuwatupa kwenye shimo la Kazani.

Kisha amani ikaja na kuzifanya fulana sheria. Katiba iliyotokana na mkataba wa Dayton wa 1995 iligawa urais kwa watu watatu: Mbosniaki (jina lililochukua nafasi ya “Mwislamu” mwaka 1993), Mserbia na Mkroatia. Waliosalia wote wakaitwa “Wengine”, na hawaruhusiwi kugombea. Jakob Finci, aliyeongoza La Benevolencija wakati wa mzingiro, pamoja na Dervo Sejdić, wa jamii ya Waroma (waitwao pia Wajipsi), walishtaki katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na kushinda Desemba 2009. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kifungu hicho kilikuwa bado hakijabadilishwa.