Toleo la 6 la FSSC 22000: nyaraka zinapita, kasoro ziko sakafuni

Kipindi cha mpito kutoka toleo la 5.1 kwenda toleo la 6 la FSSC 22000, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha mifumo ya usalama wa chakula viwandani, kilifungwa tarehe 31 Machi 2025. Hata hivyo bado kuna viwanda ambavyo mwongozo wao umebadilika namba ya toleo tu, na ukishuka kwenye laini ya uzalishaji unakuta kazi ni ileile ya zamani. Mwongozo mzuri haumshughulishi mkaguzi kwa muda mrefu. Anataka rekodi, na anataka kumuuliza mwendesha mashine.

Eneo linaloangusha wengi ni vizio, yaani viambato vinavyosababisha mzio. Toleo la 6 linadai orodha ya vizio vyote vinavyoshughulikiwa kiwandani, vikiwamo vya malighafi na vya bidhaa zilizokamilika, pamoja na tathmini ya kila njia ambayo kizio kinaweza kuhamia kwenye bidhaa isiyokihusu. Mpango mzima upitiwe angalau mara moja kwa mwaka, na wafanyakazi wote wapewe mafunzo. Kama eneo moja linazalisha bidhaa zenye vizio tofauti, lazima pia kuwe na vipimo vya uhakiki, kwa marudio yanayotokana na ukubwa wa hatari.

Hapo kwenye vipimo ndipo pa kuwa makini. Kipimo cha ATP, molekuli ya nishati iliyomo kwenye seli, kinaonyesha mabaki ya viumbe hai kwa ujumla, hakikuambii kama protini ya maziwa au karanga imebaki. Uso unaweza kupita ATP na bado ukawa na kizio cha kutosha kumdhuru mlaji. Tumia kipimo cha kizio chenyewe, na kwanza thibitisha kwa maabara kwamba kipimo hicho kinakisoma kizio chako katika chakula chako, kwa sababu protini iliyopikwa sana inaweza isisomeke. Unapothibitisha usafishaji, chagua hali mbaya kuliko zote: bidhaa yenye kizio kingi zaidi na inayong'ang'ania mashine, kisha chukua sampuli kwenye kona, mipira ya kuzibia viungio na chini ya mkanda wa kusafirishia, pamoja na bidhaa ya kwanza inayotoka baada ya usafi. Sahani ya chuma iliyo wazi mbele ya macho itapita siku zote.

Na lile onyo la "huenda ikawa na chembechembe za" halikuondolei wajibu wa kudhibiti. Linaruhusiwa pale tu tathmini inapoonyesha hatari imebaki baada ya hatua zote muhimu kutekelezwa ipasavyo. Ukilibandika kila bidhaa kwa ajili ya kujikinga, jiandae kueleza.

Jambo la pili ni udhibiti wa ubora, ambao sasa umo ndani ya mfumo kwa kifungu chake: sera na malengo ya ubora, vigezo vya kuachilia bidhaa, udhibiti wa uzito au ujazo, na utaratibu wa kuwasha laini na kubadilisha bidhaa. Hili la mwisho lisichukuliwe kama mapambo. Kasoro ya kawaida ni lebo za bidhaa iliyotangulia kubaki kwenye mashine, au roli moja ya lebo hizo kusahaulika pembeni. Kwenye fomu ya kubadilisha bidhaa weka nafasi ya kubandika lebo halisi iliyotolewa na lebo halisi iliyoingizwa, zisainiwe na watu wawili. Alama ya tiki peke yake haithibitishi kitu. Watu huziweka zote mwisho wa zamu.

Utamaduni wa usalama wa chakula unahitaji mpango wenye malengo na muda, unaogusa mawasiliano, mafunzo, maoni na ushiriki wa wafanyakazi, na upimaji wa utendaji. Bango ukutani si mpango. Kipimo kimoja ninachokipenda ni idadi ya hitilafu zinazoripotiwa na wafanyakazi wenyewe. Ikiwa sifuri kwa miezi kadhaa, tatizo ni woga.

Kwa upotevu na utupaji wa chakula, unahitaji sera na malengo, na bidhaa za kutoa msaada zidhibitiwe ziwe salama. Vifaa vipya navyo vinunuliwe kwa maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa, yanayozingatia usanifu unaosafishika, kabla ya oda kutumwa.

Kuna pia marekebisho ya 2024 ya ISO 22000:2018, kiwango ambacho FSSC 22000 imejengwa juu yake, kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kwenye vifungu 4.1 na 4.2. Ni maneno machache, lakini "haituhusu" bila hoja haitakubalika. Anayenunua nafaka aangalie sumukuvu baada ya ukame; mwenye mnyororo wa ubaridi aangalie joto kali na umeme.

Ukipata kasoro kubwa, una siku 28 za kalenda tangu siku ya mwisho ya ukaguzi kuifunga kwa ushahidi, na muda huo huisha haraka ikiwa chanzo kinahitaji kipuri au maabara. Tukio zito, mfano kuondoa bidhaa sokoni, shirika lililokupa cheti liarifiwe ndani ya siku 3 za kazi. Andika jina la msimamizi wa zamu atakayepiga simu hiyo mwishoni mwa juma.

Mwaka 2025 mfululizo wa ISO 22002, viwango vya masharti ya msingi ya usafi na mazingira ya uzalishaji, nao ulitoka upya, ukiwa na ISO 22002-100 inayobeba masharti ya msingi ya pamoja, ikisomwa sambamba na sehemu ya sekta yako. Usiisubiri ikufikie kwenye ukaguzi. Chora jedwali la safu tatu: kifungu cha zamani, kifungu kipya, rekodi inayokithibitisha. Safu ya tatu ikibaki tupu mahali, anza kazi hapo.