Skrabu ikiwasha, ioshe

Wiki hii nimeambiwa tena, na mama wa bibi harusi hapa Mtwara mjini: "Mwanangu, mbona skrabu yako haiwashi? Tia ndimu basi ifanye kazi." Sitii, mama. Kuwasha si kazi ya skrabu.

Kuchanganya hakuna siri. Vikombe viwili vya sukari laini, kimoja cha mafuta ya nazi, basi. Chumvi ya mawe ina ncha, iachie visigino. Ngozi nyororo isuguliwe kwa unga wa mchele. Ukitia mtindi, tango au maji, tumia siku hiyohiyo, kinachobaki mwaga.

Sasa ndimu. Maji yake yana pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka ukali unazidi) inayokaribia 2, ngozi yetu iko karibu na 5, na ngozi iliyotoka kusuguliwa haina ngao. Lakini ubaya mkubwa unasubiri juani. Ndimu ina furanokumarini, kemikali za mmea zinazoamshwa na jua, na kwenye ganda ndiko ziliko nyingi zaidi. Zikibaki mwilini, jua likazipiga, ngozi inaungua. Siku ileile huoni kitu. Kesho yake au keshokutwa unatokea wekundu, pengine na malengelenge, halafu mabaka meusi ya wiki kadhaa, hata miezi. Bibi harusi anasingwa Jumatano, mchana anapita sokoni, Ijumaa shingo ina michirizi kufuata njia ndimu ilikotiririkia. Lawama inapewa mpaka piko, ile rangi nyeusi ya kumchora bibi harusi!

Na hayo mabaka ndiyo yanayoniuma, maana wengi wanatafuta weupe. Skrabu inaondoa ngozi iliyokufa, rangi haiigusi. Ngozi nyeusi ukiijeruhi, hata kidogo, mara nyingi hupona kwa kuacha doa jeusi zaidi. Anayesugua kwa nguvu ili atakate anajitia madoa kwa mkono wake.

Wengine hunijibu kwamba cha asili hakidhuru. Hapa kwetu, kwenye korosho? Mafuta ya lile ganda yanababua, ndiyo maana wabanguaji hujikinga mikono kwanza. Nayo ni ya asili kabisa. Nimeshaombwa nisage maganda hayo yawe skrabu, nikakataa. Korosho yenyewe, iliyobanguliwa na kukaangwa, ukiisaga laini inasugua taratibu na kuacha mafuta mazuri, ila asiiguse mwenye mzio wa korosho.

Kuhusu uso, nina shaka ambayo walionifundisha hawakuwa nayo. Ngozi hujivua yenyewe, kwa mwezi hivi inakuwa mpya, na sijaridhika kwamba uso wenye afya unahitaji kusuguliwa. Mteja aking'ang'ania, natumia unga wa mchele uliolowekwa, ncha za vidole tu, dakika moja, mara moja kwa wiki. Mafuta ya nazi usoni simpaki mwenye chunusi, yanaziba vinyweleo.

Aliyenyoa leo, mwenye kidonda au chunusi zilizoiva, simsugui hata akilipa mara mbili. Apone kwanza, ndipo aje.