Mita 60 za chemchemi: hatuchukui shamba la mtu

Tangu tuanze kuweka bikoni, nguzo za mpaka, kwenye vyanzo vya maji simu haziishi, na karibu zote ni "mnatunyang'anya mashamba". Jamani. Sheria ya Mazingira ni ya 2004, ya Rasilimali za Maji ya 2009, hiyo mita 60 ya kutolima kuzunguka chanzo haikutungwa juzi kwa ajili ya kijiji chako.

Tunapima Oktoba mpaka Novemba, mvua hazijashuka, maana mwezi wa tatu kila bonde lina maji na kila mtu ana chemchemi. Tunapiga hodi ofisi ya kijiji, mwenyekiti anatupa wazee wanaojua mipaka, halafu futi kamba inanyooshwa kuanzia ukingo ambao maji yanafika yakijaa, sio yalipoishia siku hiyo, GPS inachukua pointi, ndo bikoni inachimbiwa.

Wingi wa maji ni ndoo na saa ya simu tu. Chini ya mteremko wa Uwanda wa Makonde, upande wa Masasi, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alitushikia ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 40. Nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Akaguna, sasa mbona tunapanga foleni? Kwasababu usiku mmelala yanajiendea bondeni, mama.

Tunageuza na mawe, tunatafuta kaa, vyura, na watoto wa kereng'ende ambao wanakulia majini kabla ya kuota mabawa; wakiwepo, maji ni mazima. Hapohapo mtu alikuwa ameoshea mashine ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Mawe yana utando wa njano, kaa hakuna hata mmoja.

Halafu hili la kutetea mikorosho kwenye chanzo kwa "mkorosho nao si mti?" nimelichoka. Ni mti, lakini chini yake unafagia mpaka panang'aa ili uokote korosho, mvua ya kwanza mchanga wote unaziba jicho la chemchemi. Uwanda wa Makonde juu hauna mto, mvua inazama mchangani inakuja kutokea huku chini, ndo maana zamani watu wa Newala walikuwa wanashuka mteremko kufuata maji. Ukifyeka juu umeharibu huku chini.

Kurudisha chanzo sio lazima miche. Tunazuia moto na ng'ombe, mifugo inawekewa birika la kunywea nje ya mita 60, visiki vya asili vinachipua vyenyewe. Mkaratasi hapana, unakunywa mno. Mkuyu sawa, ndege na popo wanakula humo.

Ndoo za nyumbani hazihitaji kibali. Pampu ya bustani inahitaji, kinaombwa ofisi ya bonde la maji, ile inayosimamia maji ya eneo lenu. Ukikutwa umelima ndani ya bikoni unaanza na notisi ya maandishi, ukikaidi ni mahakamani, faini au kifungo au vyote viwili. Mikorosho ya zamani iliyokutwa ndani inaangaliwa chanzo kwa chanzo, njoo na barua ya mwenyekiti, usije na panga.