Ubao wa kasia wa anayeanza kwenye mawimbi madogo ya Kivu: dhana potofu na ukweli

Ushauri mwingi anaoupata mtu wa Goma, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, anayetaka kununua ubao wake wa kwanza wa kasia, yaani ule ambao mtu husimama juu yake na kujisukuma kwa kasia refu, uliandikwa kwa ajili ya bahari. Mchezo huu ulienea duniani kutoka Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya wachezaji kama Laird Hamilton na Dave Kalama kuupa uhai mpya, na mbao nyingi za mawimbi bado hubuniwa kwa kuyafikiria mawimbi ya bahari kuu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mawimbi yake huzaliwa na upepo unaovuma juu ya ziwa lenyewe, pamoja na boti za abiria zinazopita kwenda Bukavu na Idjwi. Ushauri wa baharini ukihamishiwa huku bila kupimwa humfanya mtu atoe fedha nyingi kwa ubao atakaouchoka mapema, akidhani kosa ni la miguu yake.

Dhana: mawimbi yanataka ubao mfupi na mwembamba

Picha za wachezaji hodari ndizo zinazowapotosha wengi. Mtu anaonekana amesimama juu ya ubao wa futi 8, wenye upana wa inchi 29 au 30, na mtazamaji anahitimisha kwamba ubao wa namna hiyo ndio unaopanda wimbi. Ubao huo humfaa mtu ambaye miguu yake imekwisha kuzoea kusawazisha mtikisiko kabla hajaufikiria. Kwa anayeanza, kipimo cha kwanza kutazamwa ni upana, na sababu yake inaweza kuhesabiwa: uwezo wa kitu kinachoelea kukataa kulala ubavu hukua sawasawa na urefu wake, lakini hukua kwa nguvu ya tatu ya upana wake. Ukitoka kwenye ubao wa inchi 30, ambazo ni sentimita 76, ukachukua wa inchi 32, ambazo ni sentimita 81, upana umeongezeka kwa asilimia 7 hivi tu, ilhali utulivu wa ubavuni umeongezeka kwa asilimia 20 na zaidi. Ukiongeza urefu kwa asilimia hizohizo 7, unapata asilimia 7, basi. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanalijua jambo hili bila kalamu: huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, na chombo hicho kipana hutulia usiku kucha huku watu wakiwa wamesimama na kuvuta wavu.

Hata hivyo, upana nao una mpaka. Ubao ukizidi inchi 34, mtu wa umbo dogo hulazimika kunyoosha mikono nje ili kasia liingie majini, na kasia linaloingia mbali na ubavu huugeuza ubao badala ya kuusukuma mbele. Kwa watu wazima wengi, inchi 31 hadi 33 zinatosha, na mwenye kilo zaidi ya 90 ndiye wa kufikiria inchi 34.

Dhana: lita nyingi ni utulivu mwingi

Lita ndizo namba ambazo wauzaji hupenda kuzitaja, na ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko zote. Ujazo wa ubao unaeleza uzito ambao ubao unaweza kuubeba. Hauelezi jinsi utakavyotulia. Kanuni ni ileile ya Arkimedi: katika maji yasiyo ya bahari, kila lita ya maji inayosukumwa kando hubeba kilo moja. Mtu wa kilo 75, pamoja na jileti ya kuokolea na nguo zilizolowa, akisimama juu ya ubao wa kilo 10, anahitaji lita 87 hivi ili asizame tu. Hodari anaweza kuridhika na lita chache juu ya hapo, kwa sababu mwendo wa ubao humwinua na miguu yake hujisawazisha bila kukoma. Anayeanza husimama bila mwendo, hutafuta mahali pa kuweka miguu, huanguka na kupanda tena, kwa hiyo anahitaji lita zinazokaribia mara mbili ya kilo zake, yaani 150 au zaidi kidogo kwa mtu wa mfano wetu.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa Kivu si bahari, ni lazima mtu apande hadi ubao mkubwa zaidi. Maji ya bahari huyazidi uzito maji ya mito na maziwa kwa asilimia 2.5 hivi, na kwa mtu huyuhuyu tofauti hiyo ni lita 2. Hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya lita 2.

Kosa kubwa zaidi ni kulinganisha lita za mbao za aina mbili. Ubao wa kujaza upepo wenye futi 10 na inchi 6, upana wa inchi 32 na unene wa sentimita 15, una lita zinazokaribia 300, wakati ubao mgumu wenye urefu na upana huohuo una lita 180 hivi. Mtu akifuata lita peke yake, ataamini kwamba ule wa kwanza ni mtulivu karibu mara mbili. Sivyo, kwa sababu unene ule humwinua mchezaji juu ya maji, na kadiri miguu inavyokaa juu ndivyo kila mtikisiko unavyoongezeka. Tena kingo zake nene na za mviringo haziumi wimbi. Ubao huteleza kando pale ambapo mchezaji alitaka ushike njia. Ndiyo maana mtu mwepesi, chini ya kilo 75 hivi, akichagua ubao wa upepo kwa ajili ya mawimbi, ningemshauri atafute wenye unene wa sentimita 12, hata kama namba ya lita inaonekana ndogo kwenye karatasi.

Dhana: ubao mrefu hudaka wimbi lolote

Kauli hii ina ukweli wake, lakini ukweli huo ni wa baharini. Ubao mrefu hukimbia zaidi kwa nguvu ileile ya mikono, na mwenye mwendo hulidaka wimbi mapema. Wimbi la bahari linalofika kila baada ya sekunde 10 lina umbali wa mita 150 na zaidi kutoka kilele hadi kilele linapokuwa kwenye kina kirefu, kwa hiyo ubao wa urefu wowote hupata nafasi ya kulala juu yake. Mawimbi ya upepo wa kawaida wa Kivu hufuatana kwa sekunde 2 hadi 3. Kwa sekunde 2, umbali kati ya vilele ni mita 6 hivi. Kwa sekunde 3 ni mita 14. Kutoka kilele hadi bondeni ni nusu ya hapo, yaani mita 3 hadi 7.

Sasa chukua ubao wa safari wa futi 12 na inchi 6, ambao ni mita 3.8, uuweke juu ya mawimbi ya sekunde 2. Mkia unainuliwa na wimbi linalokuja nyuma, pua tayari imefika kwenye mgongo wa wimbi lililotangulia, na pua ikishachoma maji ubao husimama ghafla huku mchezaji akiendelea mbele peke yake. Hapo ubao wa futi 10 hadi 10 na inchi 6, yaani sentimita 305 hadi 320, una nafuu kubwa, hasa ikiwa pua yake imepindwa kwenda juu vya kutosha. Mpindo huo ni kitu cha kutazama kwa macho yako mwenyewe kabla ya kulipa: ulaze ubao mahali palipo sawa, uinamie kwa ubavu, uone kama pua inapaa taratibu kuanzia mbali au inakunjwa mwishoni tu. Ule unaopaa kuanzia mbali ndio wa mawimbi.

Ni vizuri pia kujua kinachotarajiwa. Mawimbi hayo hukimbia kilomita 11 hadi 17 kwa saa, na anayeanza hupiga kasia kwa mwendo wa kilomita 5 hivi. Mawimbi mengi yatapita chini yake. Yale machache yenye mteremko mkali yatambeba kwa sekunde chache, na sekunde hizo zina raha yake ya kweli, lakini anayenunua ubao kwa matarajio ya safari ndefu za Hawaii atauona ubao mzuri kuwa mbaya.

Dhana: ubao wa kujaza upepo ni mchezo wa watoto

Ndani ya ubao huo mna maelfu ya nyuzi zinazounganisha kitambaa cha juu na cha chini, na nyuzi hizo ndizo zinazozuia ubao usivimbe kama mpira, hivi kwamba ukijazwa barabara humbeba mtu mzima bila kukunjika. Kwa Goma una sifa mbili ambazo ubao mgumu hauna: hukunjwa ukaingia kwenye mfuko unaobebeka kwa pikipiki, na haupasuki unapogusa jiwe kidogo. Ubao mgumu wa povu na epoksi hulishika wimbi vizuri zaidi, na mtu anayeishi kando ya ziwa, mwenye mahali pa kuuhifadhi kivulini, asisite kuuchukua. Lakini ukipata ufa mmoja tu, maji huingia kwenye povu la ndani, na lazima ukaushwe na kuzibwa kabla ya kurudi majini. Kwenye pwani ambayo lava ya volkeno ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, mawe makali si jambo la nadra.

Ubovu unaolaumiwa kwa mbao za upepo mara nyingi ni ubovu wa kujaza. Nyingi zinataka baa 0.8 hadi 1 (baa ni kipimo cha msukumo wa hewa), na ubao wenye nusu ya hapo hulegea katikati, hukusanya maji chini ya miguu na kukataa kwenda. Kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kufikia kipimo kilekile kunahitaji mipigo ya pampu zaidi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Watu huchoka, huacha njiani, halafu hulalamikia ubao. Tazama geji, usitazame uchovu. Wala usiupeleke kwa fundi wa pneu ajaze kwa kukadiria, kwa sababu gurudumu la gari hubeba baa 2 na zaidi, na mkono uliozoea gurudumu utaupasua mshono. Ubao uliojazwa hadi baa 1 asubuhi ya nyuzijoto 20, ukiachwa juani hadi hewa ya ndani ifike nyuzijoto 50, hupanda hadi karibu baa 1.2 bila mtu kuugusa. Punguza upepo unapoutoa majini.

Kuna jambo la Goma peke yake hapa. Mtu anayejaza ubao huinama na kuhema kwa nguvu. Usifanye hivyo kwenye bonde dogo au shimo kando ya ziwa, hasa alfajiri isiyo na upepo, kwa kuwa mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hukaa sehemu za chini na haina rangi. Jazia mahali palipoinuka.

Dhana: gesi ya Kivu hupunguza uwezo wa kuelea

Gesi ya ziwa hili, methani na kaboni dioksidi, imeyeyuka katika maji ya chini kabisa, kwa wingi chini ya mita 250. Maji ya juu yanayobeba ubao hubeba kama ya ziwa lingine lolote.

Dhana: kasia na pezi lolote vinatosha

Kasia la maji tulivu huzidi kimo cha mtu kwa sentimita 20 hivi. La mawimbi hufaa kuzidi kwa 10 hadi 15, kwa kuwa mchezaji hukunja magoti. Nunua linalorefushwa na kufupishwa. Bapa lake lina pembe, na pembe hiyo huelekea mbele, ingawa anayeanza karibu kila mara huligeuza. Kuhusu mapezi, yaani mabapa yanayofungwa chini ya mkia ili ubao ushike njia, moja kubwa la katikati pamoja na mawili madogo ya pembeni yanamtosha mtu kwa muda mrefu, na yakiwa ya mpira unaopinda yatavumilia mawe kuliko yale magumu.

Dhana: wimbi dogo halidhuru

Wimbi la nusu mita huvunjika kwenye kina cha sentimita 65 hivi, na mahali penye mwambao wa mawe meusi unaoshuka ghafla, kina hicho kiko hatua moja tu kutoka kwenye jiwe. Kwa hiyo wimbi la kujifunzia halitafutwi ukingoni mwa mawe. Litafute wazi, ukienda sambamba na pwani, na umalizie penye mchanga au changarawe. Kamba ya mguuni iwe iliyonyooka, yenye urefu unaolingana na ubao, kwa sababu ile ya kujikunja humrudishia mchezaji ubao usoni wimbi linapomwangusha. Kamba hiyo ni sehemu ya bei ya ubao, pamoja na jileti. Fedha zisipotosha vyote, chukua ubao wa bei ya chini zaidi. Aliyeanguka bila kamba huuona ubao ukisukumwa na upepo haraka kuliko awezavyo kuogelea. Na upepo ukianza kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, mtu aliyesimama huwa tanga: apige magoti, au alale kifudifudi na kupiga maji kwa mikono, na arudi wakati pwani ingali karibu.