Kiharusi, maombi na majirani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali, nyumba hujaa. Wa jumuiya ndogondogo wanafika na rozari, wa msikitini wanafika kusoma Yasini, mama wa nyumba ya pili anafika na chupa ya uji. Nia yao ni njema. Ila baadhi ya yanayosemwa pale sebuleni yanaweza kumrudisha mgonjwa wodini kabla wiki haijaisha.

"Uji unampalia, mpeni maji kwanza"

Ni kinyume chake. Kiharusi mara nyingi hudhoofisha misuli ya koo, na vinavyopotea njia kwa urahisi zaidi ni vile vyepesi: maji, chai, juisi, supu iliyochujwa. Uji mzito kiasi husogea polepole na kumpa mgonjwa nafasi ya kufunga njia ya hewa. Kinachoingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huua wagonjwa wengi wa kiharusi katika wiki za mwanzo. Kuna wasiokohoa kabisa, chakula kikaingia kimyakimya. Hao utawajua kwa sauti inayokwaruza kama yenye majimaji baada ya kumeza, homa, au kupumua harakaharaka.

Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa muulizeni muuguzi: amepimwa kumeza? Anywe nini, kizito kiasi gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi, libandikwe juu ya kitanda, ili hata shangazi aliyeshuka basi asubuhi hiyo alione kabla hajashika kikombe. Wakati wa kulisha mgonjwa akae wima, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo. Tumieni kijiko cha chai, na msubiri koo lipande na kushuka ndipo kifuate kingine. Asisemeshwe akiwa na chakula mdomoni. Akimaliza, chungulieni ndani ya shavu la upande uliopooza, maana chakula hubaki humo na yeye hahisi. Aendelee kukaa wima kwa dakika 30.

Maji ya kombe, zamzam na maji ya baraka nayo ni maji. Aliyezuiwa vinywaji vyepesi apanguswe nayo uso na mikono, inatosha. Hakuna shehe wala padri mwenye busara atakayelazimisha ayanywe.

"Amesema Baba Yetu yote! Basi ulimi umefunguka"

Hili huleta vigelegele, na kisha huleta ugomvi. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kuondoa uwezo wa kupanga maneno na bado kikaacha yale yaliyokaririwa tangu utotoni: sala, Alhamdu, nyimbo, kuhesabu, siku za wiki. Mtu anamaliza sala bila kukwama, dakika mbili baadaye anashindwa kuomba maji. Wanafamilia wanasema anajifanya. Hajifanyi. Maneno ya mazoea na maneno ya kutunga hayapiti njia moja kichwani.

Itumieni hali hiyo. Salini naye polepole, mkiacha neno la mwisho alimalizie yeye. Ila mkitaka kujua anahitaji nini, mwulizeni swali la ndiyo au hapana na mngoje jibu, hata kama ni la kichwa au la mkono. Wala msipaze sauti: kilichoumia ni lugha, masikio yake yako palepale.

"Kila akiombewa analia, kuna jambo analificha"

Ubongo uliojeruhiwa unaweza kupoteza breki ya kilio na kicheko. Mgonjwa hulia kwa wimbo, kwa salamu, hata kwa kuona mjukuu, na hunyamaza ghafla vilevile. Kumbana aungame ni kumtesa. Kinachofaa kuangaliwa ni huzuni ya wiki kadhaa, akikataa chakula, akikataa mazoezi, akisema yeye ni mzigo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na sonona inatibika. Apelekwe kliniki.

"Ameshaombewa, vidonge vya nini tena?"

Presha haiumi. Mtu anaweza kuamka mwepesi baada ya mkesha wa maombi huku mashine inasoma 180 kwa 110. Akiacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri, mishipa ileile inabaki kwenye shinikizo lilelile, na kiharusi cha pili kwa kawaida huacha ulemavu mkubwa kuliko cha kwanza. Wenye kumbukumbu ya mwaka 2011, watu walipopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, wanajua jinsi ilivyo rahisi kuweka dawa kando kwa sababu ya tumaini. Anayeamini amepona apimwe presha, cheti kimfikie daktari, na daktari ndiye apunguze dozi.

"Wazungu wameshathibitisha kwamba maombi huponya"

Ujumbe huu huzunguka WhatsApp kila mwaka. Utafiti mkubwa unaojulikana zaidi uliongozwa na Herbert Benson nchini Marekani, ukachapishwa mwaka 2006. Ulihusu wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6. Walioombewa bila kuwa na hakika kama wanaombewa hawakupata nafuu kuliko wasioombewa. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo: asilimia 59, dhidi ya 52 kwa walioombewa bila kuwa na hakika. Kwa maoni yetu utafiti huo haumgusi sana mama anayemwombea mwanawe: waombaji walikuwa wageni waliopewa jina la kwanza na herufi ya ukoo. Wanaotaka kuomba waombe kwa sababu wanaamini, bila kuegemea takwimu ambazo hazipo.

"Padri akiitwa, ni kwaheri"

Hofu hii huwafanya Wakatoliki wengi wachelewe mpaka mgonjwa hatambui mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi mwaka 1963 kwamba mpako wa wagonjwa, sakramenti ya padri kumpaka mgonjwa mafuta, si wa wanaokaribia kukata roho peke yao. Unaweza pia kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Tahadhari moja tu: mshumaa usiwashwe karibu na mgonjwa anayetumia oksijeni.

Upande wa Waislamu kosa ni jingine: kumshusha mgonjwa kitandani ili asujudu, au kumpeleka chooni alfajiri kutia udhu kwenye sakafu yenye maji. Mguu dhaifu, sakafu ya utelezi, nyonga imevunjika. Sheria imeshamruhusu kutayamamu, yaani kujipangusa kwa vumbi safi, akishindwa maji, na kuswali ameketi, na akishindwa, amelala.

"Wageni wengi ndiyo faraja"

Wiki ya kwanza wanakuja watu 40. Mwezi wa tatu anabaki binti mmoja, mgongo unamuuma, na pampasi za watu wazima zimeisha. Ilhali miezi hiyo mitatu ya mwanzo ndiyo mwili hurejesha uwezo kwa kasi zaidi, na mazoezi hayawezi kufanywa na mtu aliyechoka.

Ziara ya asubuhi na ya jioni, wageni wawili au watatu kwa dakika 15 hadi 20, zinatosha. Wengine wote wapewe zamu. Asiyeweza kutembea hugeuzwa kila saa mbili, usiku pia, mto ukiwekwa mgongoni ili alale ubavu kidogo na visigino visiguse godoro. Ngozi ikiwa nyekundu isisuguliwe kwa mafuta, hata ya upako. Kuisugua huichana kwa ndani. Na kila anayeingia kwenye zamu afundishwe jambo moja kabla ya yote: usimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, fundo linateguka, na maumivu yake huzuia mazoezi kwa miezi.

Kwa fedha, wekeni mweka hazina mmoja anayetuma picha ya risiti kwenye kundi. Bili ya hospitali ilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo inayotolewa dirishani. Sehemu ya mchango itengwe tangu siku ya kwanza kwa ajili ya dawa za presha, nauli ya bajaji kwenda fiziotherapia na pampasi za mwezi wa pili na wa tatu. Asiye na fedha achukue usiku mmoja kwa wiki ili yule binti alale.