Ng'ombe wa maziwa katika picha ya mnada: ninachokitazama kabla sijaandika maelezo

Wasanii wa hapa Unguja wanapotoa picha zao kwa ajili ya mnada wa hisani, hazikosi kuwemo picha za ng'ombe, na kwa kuwa kazi yangu ni ya mifugo, mimi ndiye ninayetakiwa kuandika kikaratasi cha maelezo kinachobandikwa pembeni mwake. Kikaratasi hicho kina uzito kuliko wengi wanavyodhani, maana mnunuzi hapandishi bei ya kitu asichokielewa.

Jicho langu huanzia kwenye kiwele. Wachoraji wengi hukichora kama mpira uliofungwa chini ya tumbo, chuchu zikining'inia karibu na ardhi, na mfugaji akikiona kiwele cha namna hiyo hufikiria mishikizo iliyolegea, chuchu zinazokanyagwa na kuchafuka, na uvimbe wa kiwele unaorudi kila mara. Kiwele kizuri kimeshikamana na tumbo kwa mbele, kwa nyuma kimepanda juu baina ya mapaja, na sehemu yake ya chini haishuki kupita goti la nyuma. Mchoraji aliyekaa na ng'ombe kwa kweli huonyesha pia mshipa mnene unaojipindapinda chini ya tumbo kuelekea kifuani, ambao hurudisha damu kutoka kwenye kiwele. Nikiuona mshipa huo katika picha, huutaja katika maelezo bila ya kusita.

Kisha hutazama umbo zima. Ng'ombe wa maziwa mwenye afya ni mwembamba mabegani na mpana nyuma, na mifupa ya nyonga zake huonekana hata akiwa ameshiba, lakini wasanii humnonesha kama wa kuchinjwa Idi kwa kuogopa asije akaonekana ana njaa.

Kuhusu nundu mimi si mkali. Wapo wanaotaka kuikataa picha ya ng'ombe mwenye madoa meusi na meupe ya Friesian, ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya asiye na nundu, kwa sababu amechorwa na nundu, ilhali mabanda yetu yamejaa chotara wa Friesian na zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, na nundu ndogo kwao ni jambo la kawaida. Hata Mholanzi Paulus Potter, katika picha yake kubwa ya fahali ya mwaka 1647 iliyomo katika makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, alikusanya viungo vya wanyama wa umri mbalimbali katika mwili mmoja, na sifa zake hazikupungua. Madoa ndiyo yanayostahili uangalifu, kwa sababu hakuna Friesian wawili wenye madoa yanayofanana kabisa, na kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya na Marekani waliandikisha ndama wao kwa kuchora madoa ya ubavu wa kulia na wa kushoto.

Mandhari nayo ina habari yake. Chotara wa maziwa akichorwa pembezoni mwa msitu wa Jozani, huandika kwamba mbung'o walikuwa wengi upande huo, wakieneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo, hadi mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi ili majike wasizae, waliozalishwa Tanga, walipomwagwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa imesafika. Maelezo kama hayo humpa mgeni sababu ya kuitazama picha mara ya pili. Wenyeji wengine hawatundiki picha ya kiumbe majumbani mwao kwa sababu za dini, kwa hiyo waandaaji wasisahau kuwaalika wenye hoteli na maofisi.

Minada ya namna hii inaweza kuleta fedha nyingi: mjini Chicago mwaka 1999, sanamu za ng'ombe zilizopambwa na wasanii na kuwekwa mitaani ziliuzwa na kuchangia mamilioni ya dola. Kwetu sisi, tatizo ni bei ya kuanzia. Isiwe chini ya bei anayouzia msanii huyo kazi zake katika maduka ya Mji Mkongwe, kwa sababu picha iliyotolewa bure ikiondoka kwa bei ya kutupa humharibia soko lake la kila siku. Kikaratasi kiseme vilevile kwamba anayeshinda ananunua picha yenyewe tu, na haki ya kuichapisha kwenye kadi au fulana inabaki kwa aliyeichora.